Yai likishaingia, supu haichemshwi tena

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu, maana nimelikalia wiki tatu na sasa linanikaba.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi. Jumapili nikitoka ibadani nanunua gazeti kwanza, mkate baadaye. Kurasa za michezo ni za mjukuu, za siasa nazipitia juu juu, ila ule wa mapishi nausoma mpaka nukta ya mwisho. Sasa hiyo Jumapili ninayoisema, mpishi wenu alitoa supu ya kuku ya Kigiriki, ile ya mayai na limau. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa salamu za ndugu aliyepotea miaka mingi. Furaha yenyewe haikufika jioni.

Mkamwana wangu ni mtu wa kujaribu mambo. Alikikata kile kipande kwa mkasi, akakibana kwenye mlango wa kabati la vyombo, akaingia kazini. Mimi nilikuwa nimejilaza kwa ajili ya goti langu. Alifuata kila neno mlilochapa: kuku achemshwe nusu saa na vidonge viwili vya supu, mchele uingie, kisha mayai manne yapasuliwe ndani ya sufuria ikiwa inatokota, yakorogwe, yaachwe yachemke dakika kumi ili yaive, mwisho ndimu tatu na pakiti nzima ya krimu. Nikasikia ananiita kwa sauti ya mtu aliyevunja kitu cha watu.

"Mama, njoo uone. Mbona imekatika?"

Nilipochungulia kwenye sufuria, juu yanaelea mapande meupe kama vitambaa vilivyochanika, katikati chenga chenga za krimu iliyoachana, chini maji ya njano isiyoeleweka. Mjukuu mdogo naye akaja kuangalia, akauliza kama ile ni supu au ni mayai ya kuvuruga yaliyodondokea kwenye maji. Tulicheka, lakini kuku yule tulimnunua Mbuyuni kwa shilingi 22,000, na mkamwana wangu hakucheka. Alidhani kosa ni lake. Alinawa mikono, akakaa kwenye kigoda, akawa anakisoma kile kipande upya kutafuta alipokosea.

Mhariri, hakukosea popote. Aliyekosea ni mpishi wenu, na ndiyo maana naandika.

Utauliza, huyu bibi wa Majengo amejulia wapi supu ya Wagiriki? Una haki ya kuuliza. Nimeuza supu miaka 26 karibu na stendi ya mabasi hapa Moshi, ya kuku na ya ng'ombe, na chapati pembeni. Hiyo ndiyo supu yetu na imenisomeshea watoto. Hii nyingine niliipata kwa marehemu baba yangu, ambaye alikuwa mpishi kwenye nyumba ya Mgiriki mwenye shamba la kahawa upande wa Kibosho, tangu kabla mimi sijazaliwa mpaka nilipokuwa msichana wa miaka 14.

Vijana wa siku hizi ukiwaambia Wagiriki wa Kilimanjaro wanadhani unawatania. Lakini hawakuwa wageni wa jana. Wapo waliokuja enzi za Mjerumani wakiwa makandarasi wa reli, na reli ile ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911 baadhi yao wakabaki huku wakashika kilimo: kahawa mlimani na kule Arusha, mkonge mabondeni. Mwaka 1973 mashamba makubwa ya kahawa ya huku kwetu yalipotaifishwa, bwana wa baba alifungasha na familia yake, wakaondoka. Baba alirudi nyumbani na vitu vitatu: baiskeli, koti la sufu lililokuwa kubwa kwake, na mapishi kichwani. Kusoma hakujua. Hakuna daftari alilotuachia.

Yule mama wa nyumba baba alimwita Kiria. Kiria amesema hivi, Kiria hapendi vile. Sisi watoto tulijua ndilo jina lake, na mdogo wangu aliwahi kumpa mwanasesere wake jina hilo. Kumbe kwa Kigiriki ni neno la heshima tu, kama sisi tunavyosema mama au bibi. Baba alijua muda wote, hakuona sababu ya kutuambia.

Na supu yenyewe wanaiita avgolemono. Avgo ni yai, lemoni ni limau. Nyumbani kwetu jina lilikatwa likawa "golemono", na hata leo ndugu zangu tukikutana tunaliita hivyo hivyo. Lakini naomba mpishi wenu alitazame jina lile vizuri. Limetaja yai, limetaja limau. Krimu limeitaja wapi? Weupe ule anaouona kwenye picha, ule uzito laini unaoshika kijiko, ni yai na mchuzi wa kuku vimekutana kwa adabu. Aliyeona weupe akadhani ni maziwa ni sawa na mtu anayeona mtori umekuwa mzito akadhani umetiwa unga. Mtori uzito wake ni ndizi. Hii uzito wake ni yai.

Sasa nieleze baba alivyopika, na mkamwana ameniambia niandike taratibu ili naye aelewe.

Kuku kwanza. Baba alitaka tetea mzee, aliyechoka kutaga, yule ambaye ukimkaanga utang'oka meno. Kuku wa namna hiyo ndiye mwenye supu. Ukimpata wa kilo moja na nusu au mbili, mtie mzima kwenye lita tatu za maji baridi, na miguu yake iliyobabuliwa na kumenywa, usiitupe. Kitunguu maji kimoja kizima, karoti moja, chembe chache za pilipili manga, chumvi kidogo. Yakianza kuchemka toa lile povu la kijivu kwa upawa, kisha punguza mkaa. Maji yasitokote kwa fujo. Yawe yanatoa kiputo kimoja hapa, kingine pale, kama mtu mzima anayesinzia kwenye kiti. Saa mbili na nusu, hata tatu kama kuku ni mbishi. Mkiwa na kuku wa kisasa tu, dakika 40 au 50 anakuwa ameiva na mkiendelea anavurugika, kwa hiyo mwongezeeni miguu na migongo ya kuku, ile wanayouza rahisi kwenye mabucha ya kuku, muichemshe kwanza peke yake. Vidonge vya supu sivitaki hata kuvisikia. Kidonge kina chumvi na rangi, na limau likikutana na chumvi ile linakuwa kali la kukunja uso.

Kuku akiiva, mtoe, chuja mchuzi, urudishe jikoni na mchele. Kikombe nusu cha mchele kinatosha watu sita, msirundike, si pilau. Wagiriki wenyewe hupenda mchele mfupi unaotoa wanga, au tambi ndogo zenye umbo la punje ya shayiri, wanaziita kritharaki. Mpishi wenu alisema tambi hizo zitafutwe kwenye supamaketi. Za nini? Mchele wa Mabogini unatosha kabisa, na nawaambia siri ya mtu wa biashara: ule wa chenga, ambao watu wanaudharau, ndio mzuri zaidi, kwa sababu unaachia wanga haraka na wanga ndio unaolilinda yai lisikatike. Baba alikuwa anaacha mchele uive mpaka ukakaribia kupasuka.

Hapo sasa ndipo baba alipokuwa anatufukuza jikoni, na hapo ndipo tulipokuwa tunang'ang'ania kubaki.

Alikuwa anaepua sufuria kabisa, anaiweka chini kwenye kata ya majani ya mgomba. Anakaa. Anavuta sigara yake nusu. Sisi tunasema baba supu itapoa, yeye kimya. Kisha anaosha mayai matatu kwa maji na sabuni, maganda yang'ae, na sababu utaiona. Anayapasua, ute huku, kiini huku. Ute anaupiga kwa uma kwenye bakuli la bati lenye maua, lile lililopakwa rangi, si la alumini, kwa sababu limau na alumini vinagombana na supu inageuka rangi ya majivu. Anaupiga mpaka unakuwa povu jeupe. Viini vinafuata kimoja kimoja. Wapo wanaopiga yote pamoja, na inatoka, ila ile laini ya juu huipati.

Limau alilipima kwa ganda la yai. Ndiyo maana ya kuosha. Kila yai moja, nusu ya ganda lake la maji ya limau, iliyojaa. Mayai matatu, nusu ganda mara tatu. Yai kubwa lina ganda kubwa, yai dogo lina ganda dogo, kwa hiyo kipimo chenyewe kinajirekebisha. Nimetumia kipimo hicho maisha yangu yote na sijaona sababu ya kununua kijiko cha kupimia.

Hapa nigusie ndimu, maana mpishi wenu aliandika ndimu tatu. Ndimu na limau si kitu kimoja, anayebisha aende Mbuyuni akanuse. Ndimu ni kali, ina uchungu kwa mbali, na kwenye supu yetu ya asubuhi inafaa sana kwa sababu unakamua tone mwenyewe kwenye bakuli lako. Hapa asidi inaingia nyingi kwa pamoja na inakaa na yai. Limau lina harufu pana na ukali wa kistaarabu zaidi. Kihambani kwa baba, yaani kwenye shamba la nyumbani, kulikuwa na mlimau mmoja karibu na zizi, matunda yake makubwa yenye ngozi ya mabakabaka na vinundu, ukiyaona unadhani yana ugonjwa, na maji yake tele. Kama huna limau, tumia ndimu, lakini nusu ganda iwe robo ganda. Na mbegu zitoke, kila moja.

Sasa bakuli lina povu la njano lenye harufu ya limau. Sufuria imekaa chini dakika tano hivi. Baba anachota upawa mmoja wa mchuzi, mchuzi mtupu bila mchele, anaanza kuumimina kwenye bakuli kama uzi. Mkono wa kulia unamimina, wa kushoto unapiga uma bila kusimama. Na mdomo wake, Mhariri, ulikuwa unatoa mabusu. Mwa, mwa, mwa, kila uzi wa mchuzi na busu lake. Baba yangu alikuwa mtu mkavu, sijawahi kumwona akimbusu mtu, hata mtoto mchanga alimpa mkono. Lakini kwenye lile bakuli alibusu hewa mpaka upawa wa tatu ukaisha. Sisi tulikuwa tunaanguka chini kwa kicheko. Alisema Kiria alimfundisha hivyo hivyo, kwamba kwao ukimimina huku unabusu yai halikatiki. Mimi naona mtu anayebusu hawezi kumimina kwa pupa, basi. Lakini nami huwa nabusu, na sitaacha.

Upawa wa tatu ukiisha, bakuli limeshakuwa la moto, yai limezoea. Ndipo lote linarudi kwenye sufuria, polepole, sufuria ikiwa bado chini, unakoroga kuelekea upande mmoja. Supu inageuka mbele ya macho yako. Ile dakika moja ambayo maji ya kuku yanakuwa kama maziwa ya ng'ombe wa kwanza kuzaa, mazito kidogo, ya njano kwa mbali, siichoki. Unarudisha nyama iliyochambuliwa, unaonja chumvi, unapakua. Moto haurudi. Narudia kwa mpishi wenu: yai likishaingia, moto haurudi.

Mjukuu wangu mkubwa, huyu anayesoma mambo ya maabara, aliposikia habari ya mkasa wa mama yake mdogo alikuja Jumamosi iliyofuata na kipimajoto cha chakula. "Bibi, tuache kubishana, tupime." Tukapika upya, safari hii kwa njia ya baba, mkamwana akishika uma. Kwanza alipima maji yanayotokota akaniambia hapa Moshi, kwa kuwa tuko karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 97 badala ya 100, na shangazi zake wa Arusha walioko juu zaidi wanachemshia kwenye 95 hivi. Nikamwambia kumbe ndiyo maana maharage ya Arusha hayaivi, akasema ndiyo, Bibi, nusu ya sababu. Nusu nyingine ni shangazi wenyewe.

Baada ya sufuria kukaa chini kidogo, kipimajoto kilisema 86. Tulipomaliza kurudisha yai, 75. Alinieleza kwamba ute wa yai peke yake unaanza kushikana kwenye nyuzi 60 na kidogo, na kiini hakichelewi sana, lakini yai likishachanganywa na mchuzi mwingi na wanga wa mchele linavumilia joto zaidi kabla ya kuwa mabonge. Akachota kidogo kwenye kisufuria akakirudisha jikoni kwa makusudi. Tulisimama watatu tukikitazama kama televisheni. Kwenye nyuzi 80 bado laini. Ilipopita 85 nikaanza kuona vichembe ukingoni, halafu vikaungana, halafu yakawa yale yale matambara ya Jumapili. Sasa dakika kumi kwenye nyuzi 97, Mhariri, yai litapona vipi?

Najua kwa nini mpishi wenu aliandika dakika kumi. Anaogopa watu waumwe tumbo kwa yai bichi, na hofu yake si ya kijinga, mimi mwenyewe nimelisha abiria maisha yangu yote, najua tumbo la mtu safarini lilivyo. Lakini kijana wangu anasema salmonela kwenye chakula cha mayai hudhibitiwa kikifika nyuzi 71. Sisi tulikuwa 75 na supu ilikuwa hariri. Asiye na kipimajoto afanye kama baba: mchuzi uwe wa moto wa kuunguza ulimi, sufuria isiwe inatokota, mayai yawe mapya na yameoshwa. Na kama nyumbani kuna mjamzito, mzee sana au mtoto mchanga, basi apakuliwe supu yake kabla ya yai kuingia, akamuliwe limau. Hatakosa kitu kikubwa.

Mkamwana wangu alionja, akanyamaza, akaongeza bakuli. Kile kipande cha gazeti alikitoa kwenye kabati akawashia mkaa. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Niseme na jambo moja la pembeni. Baba alikuwa anatusimulia kwamba Pasaka Wagiriki wale walikuwa wakitoka kanisani usiku wa manane na kitu cha kwanza kuliwa nyumbani ni supu ya mapafu, maini na utumbo wa mwanakondoo, imewekwa mboga za majani na kumaliziwa kwa yai na limau vile vile. Wanaiita mayiritsa. Baba ndiye aliyekuwa anaosha utumbo, na alisema siku hiyo ndiyo pekee aliyojiona yuko nyumbani kazini, kwa sababu watu wanaojua thamani ya matumbo ya mnyama ni watu. Alimwelezea Kiria kisusio chetu, ile supu ya Wachagga, damu na yote. Kiria alisema kwao kanisa haliruhusu damu, ila alitaka kujua tunaweka ndizi gani kwenye mtori. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya miaka karibu ishirini, sufuria kwa sufuria.

Tulikuwa tunamwuliza kwa nini haleti mabaki. Wapishi wengine walikuwa wanarudi na keki, na mifupa, na mkate wa jana. Baba alileta hivyo vyote, ila golemono hakuwahi kuileta kwenye chombo hata siku moja. Alisubiri siku yake ya mapumziko akachinja kuku wake mwenyewe. "Supu hii haisafiri," alikuwa anasema. Tulidhani ni ubahili wa Wazungu.

Nilimwelewa nikiwa mtu mzima, kwa hasara. Mwaka 2004, mwezi wa saba, Moshi ilikuwa imefunikwa na ukungu siku ya tano, Kibo haionekani, watu wanakohoa kila benchi. Nikasema leo nitawapa abiria kitu cha kuwapasha. Nikapika golemono sufuria kubwa ya lita 20, mayai trei nzima na zaidi, malimau ndoo nusu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ilikuwa tamu, dereva mmoja wa Rombo aliniambia, Mama, hii umeitoa wapi, akarudia. Lakini supu ya kuuza lazima ikae jikoni iwe ya moto saa zote. Mkaa ukashika. Saa mbili nafunua, imekatika yote, juu matambara, chini maji. Dereva akarudi na wenzake wanne aliowasifia. Nilivyoona aibu siku ile sijawahi kuona tena. Nilimwaga karibu nusu sufuria na kesho yake nikarudi kwenye supu yangu ya kawaida, ambayo unaweza kuichemsha mpaka jua lizame na haikulalamikii.

Kwa hiyo hata hilo mpishi wenu angewaambia watu: pika ya kuisha. Kama unajua watu wanachelewa, weka mchuzi na mchele tayari, yai piga walipokwisha kunawa mikono. Ikibaki, ipashe kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, huku unakoroga, usiiweke jikoni moja kwa moja. Si sawa na ya kwanza, ila inanyweka.

Ninachoomba si kikubwa. Jumapili ijayo, pale pale kwenye ukurasa wa mapishi, chapeni masahihisho mafupi: krimu itoke, vidonge vitoke, ndimu iwe limau, na yale mayai yaingie sufuria ikiwa chini. Wapo wengine kama mkamwana wangu waliokaa kwenye kigoda wakijilaumu, na bei ya kuku mnaijua.

Na kama mpishi wenu haamini bibi, aje. Majengo ukiuliza Mama Supu utaletwa hadi mlangoni. Aje Jumamosi, Jumapili nina kwaya. Kuku ninaye, yule mwekundu aliyeacha kutaga tangu Krismasi. Malimau aje nayo, mlimau wa baba ulikatwa walipopitisha barabara.

Mama Supu,
Majengo, Moshi.